Kaditama ya Mize

Swali lenyewe ni dogo, na mji mzima unaliogopa: jina la mtu hukaa wapi wakati hakuna anayeliita? Wapo wasemao hukaa kinywani mwa mama, na mama akifa huhamia kinywani mwa mtoto. Wapo wasemao halikai popote, ni upepo tu wenye adabu. Mji huu, ambao wenyewe hauna jina na haujawahi kuona haya kwa hilo, uliamua zamani kwamba jina hukaa kwa mtoto, na kwamba kila anayetimiza miaka sitini na moja bila mtoto wa kumbebea jina lake aitwe Nyumba ya Majina akajieleze. Huitwa kwa heshima zote. Barua huletwa asubuhi, imekunjwa vizuri, inanukia udi, na anayeipokea hushindwa kushika kikombe cha chai kwa siku nzima.

Mize aliipokea yake akiwa anasukutua koo kwa maji ya tangawizi, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka arobaini na miwili ya uimbaji wake. Aliyameza yale maji badala ya kuyatema. Barua ilikuwa na mistari mitatu: Uje leo kabla ya adhuhuri. Uje na mbebaji wa jina. Kama huna, njoo na macho yako.

Macho, kwa sababu mji huu una huruma kwa wanaojuta. Asiye na mbebaji hupewa kikombe kidogo cha kahawa, alie ndani yake mpaka kijae. Kikijaa, jina lake huhamishiwa ukurasa wa Walionyimwa, na huko hukaa salama, likipigwa vumbi kila Idi. Kisipojaa, jina hukatwa.

Na jina likikatwa halitamkiki tena. Mwaka juzi, au mwaka kesho, maana hapa miaka haipangi foleni, alikatwa fundi mmoja wa vitanda. Jina lake nani? Ndiyo hayo. Hata mimi ninayesimulia nafungua kinywa na hakitoki kitu. Siku ya kwanza watu walimwita "fundi". Siku ya pili wakamwita "wewe". Baadaye wakaacha kumwita, na mtu asiyeitwa hukoma kuonekana. Alikaa barazani kwake akiwatazama wapita njia, mpaka asubuhi moja jirani yake, mwanamke mwema asiye na ubaya na mtu, akafua nguo zake akatandaza shuka bichi juu ya mabega ya fundi ili likauke. Fundi hakusema kitu. Au labda alisema. Shuka lilikauka vizuri sana.

Mize alilifikiria shuka lile huku akijifunga kanga. Lakini tusimsingizie. Hofu yake kubwa haikuwa shuka, wala kalamu ya karani anayekata majina. Watu wote waliokwenda kule waliogopa kulia mbele ya mgeni. Yeye aliogopa kwamba hatalia. Aliogopa kwamba atainama juu ya kikombe, atayatafuta machozi mahali ambapo kila mwanamke wa mji anaapa kuwa yapo, atafungua mlango mmoja baada ya mwingine ndani ya kifua chake, na mwisho atakuta chumba kimefagiliwa, kina dirisha wazi, na ndani yake amekaa mwanamke anayesuka nywele zake na kuimba. Itakuwaje mtu akikuta ndani mwake amani ambayo hakuruhusiwa kuwa nayo? Amwambie nani? Mwizi hana hofu kama hiyo, maana mwizi anajua alichoiba.

Dada yake Riziki alifika kabla hajamaliza kujifunga. Riziki ni mkubwa kwake kwa miaka minne, mama wa watoto saba, mwenye miguu mizito na moyo mwepesi.

"Umekula kitunguu?" aliuliza mlangoni, hata salamu hakutoa.

"Kitunguu cha nini, Dada Riziki?"

"Cha kulia, cha nini tena! Nimekuja nacho." Akatoa kitunguu kikubwa chekundu pindoni mwa kanga. "Wasikuone tu. Ukifika pale jipake machoni."

"Wananusa vidole mlangoni."

Riziki akakaa chini, akakitazama kitunguu chake. "Basi utalia mwenyewe, mdogo wangu. Kikombe cha kahawa ni kitu gani? Mimi nimejaza ndoo kwa hao saba."

Wakatoka. Jua lilikuwa tayari limepanda, na vivuli vya nyumba vilikuwa vinajikunja kuelekea kwenye kuta zao. Katika mji huu barabara haikupeleki mbele peke yake. Wakati mwingine inakupitisha nyuma bila kukuuliza. Walipopita dirisha la kinyozi, Mize alisikia redio ikitoa sauti yake mwenyewe ya miaka ishirini na mitano, changa, isiyoogopa kupanda juu, na kwa hatua kama kumi magoti yake yakaacha kuuma. Walipopita kisima, sauti ikakatika na magoti yakarudi. Watu waliwasalimu. Waliokutana na Riziki walimwita "Mama Shaame", kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Waliokutana na Mize walimwita "Mwimbaji". Wengine walishaiona barua kwa namna alivyotembea, wakageuza nyuso kutazama vitu visivyokuwapo.

Kwenye ngazi za Nyumba ya Majina alikaa bawabu mwenye kofia safi, na kando yake palipangwa mawe, makubwa kwa madogo, kila moja juu ya kanga iliyokunjwa.

"Asiye na mwana aeleke jiwe," alisema bawabu, si kwa kejeli, alisema kama mtu anayetaja bei ya mkate. "Mgongo mtupu hauingii humu, bibi."

Mize aliwahi kuisikia methali hiyo mara elfu, katika kanga, katika nyimbo za mafumbo ambazo wapinzani wake walimwimbia akiwa jukwaani, na mara zote alijibu kwa wimbo mkali zaidi. Hakujua kwamba mahali fulani mjini methali ilikuwa na mawe yake. Bawabu alimchagulia moja la ukubwa wa mtoto wa miezi sita. Riziki alisaidia kulifunga mgongoni, akifunga fundo kwa ustadi wa mama wa saba, na alipomaliza mkono wake ukalipigapiga lile jiwe mara mbili. Alipogundua anachofanya akauondoa haraka.

Wakaanza kupanda. Ngazi zilikuwa sitini na moja. Mize hakuhitaji kuzihesabu, maana kila aliyokanyaga alikuwa ana umri wake.

Kwenye ngazi ya kumi na tisa pana kona, na konani alikaa bibi yao, Bibi Mosi, aliyekufa zamani, akitwanga hiliki. Bibi Mosi ndiye aliyekuwa mwimbaji wa arubaini wa mji: mtoto akitimiza siku arobaini na kutolewa nje kwa mara ya kwanza, yeye ndiye aliyeitwa kumwimbia wimbo wake wa kulala, na mama wa mtoto aliushika wimbo huo akaurudia miaka yote. Kazi hiyo Mize aliirithi. Na hapo konani, akiwa na miaka kumi na tisa na jiwe mgongoni, alijiona amesimama mbele ya bibi yake akimwimbia wimbo wa kwanza aliotunga mwenyewe:

Lala mwana wa mwenzangu, lala jua lingalipo,
Nakupa sauti yangu, ishike papo ulipo,
Kesho ukiwa na chungu, na jiko na watu wapo,
Lala mwana wa mwenzangu, nilipo na wewe upo.

"Mzuri," Bibi Mosi alisema, mchi ukisimama hewani. "Endelea."

Msichana akaendelea. Alikuwa amelelewa na mashairi. Baba yao alikuwa mtunzi, na nyumbani kwao kila shairi lilifungwa kwa kaditama, ubeti wa mwisho ambamo mtunzi hutaja jina lake ili mwizi asilichukue. Hakujua kwamba wimbo wa kulala ni kitu kingine. Ni kosa ambalo asingelifanya mtoto wa mvuvi wala wa mkulima. Lilihitaji mtoto wa mshairi, tena mwenye kiburi kidogo:

Kaditama nimefunga, nyuzi mwisho nimekata,
Ni Mize aliyetunga, jina langu mtapata,
Anitakaye, si kunga, aimbe atanipata.

Mchi ulianguka kinuni. "Wee mtoto! Wimbo wa kulala haufungwi! Usingizi wa mtoto una mlango mmoja, wa kuingilia na kutokea. Ukiweka kaditama umeufunga. Na anayefunga mlango wa mtoto wa mwenzake, wa kwake ataingilia wapi?"

"Lakini Bibi, nisipoweka jina watajuaje kuwa ni wangu?"

Bibi Mosi aliuinua mchi kinuni. Halafu akaanza tena kutwanga, na kila alipotwanga Mize akajikuta ngazi moja juu zaidi.

Umri wa miaka thelathini ulikuwa na kona yake. Alikaa hapo Faki, mumewe, akikaza nyuzi za fidla yake. Faki alikuwa mtu mpole. Hata alipopiga fidla aliipiga kama anayeomba radhi. Mwaka ule Mize alishika mimba, na mimba ikaharibika mwezi wa tatu. Alilia siku tatu, kilio cha kweli, cha kushika kitanda. Siku ya nne aliamka akaoga, kwa sababu kulikuwa na arubaini ya mtoto wa jirani na alikwisha kuahidi. Akaenda, akaimba. Waliokuwapo wanasema hapajawahi kusikika sauti kama ile katika mji huu. Baadhi ya wanawake walisema ana moyo wa jiwe. Wengine walinong'ona kuhusu kaditama: amejifunga mwenyewe. Yeye alijua jambo jingine ambalo hakumwambia mtu, kwamba alipokuwa anaimba, katikati ya ubeti wa pili, kitu kilichokuwa kimembana tangu aolewe kililegea, na hewa ikaingia mpaka chini kabisa.

"Tujaribu tena?" Faki aliuliza, bila kuinua macho.

"Kesho," Mize alijibu, kama alivyojibu siku ile.

Kesho hiyo ilichukua miaka kumi na moja. Faki akaondoka bila ugomvi, akaoa kwingine, akapata watoto watano, na kila Idi alimletea salamu. "Hukukataa," alisema sasa, akilegeza uzi mmoja. "Hukutaka tu. Nilikuwa nikisikia ukiimba nikajua. Mtu mwenye kiu haimbi hivyo, Mize."

Aliharakisha kupanda. Hapo ndipo alipogundua kitu kilichomtia baridi: jiwe lilikuwa limepata joto. Joto la mgongo wake, bila shaka, jiwe lolote hupata joto. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umezunguka nyuma na ulikuwa unalipigapiga, taratibu, kwa mapigo ya wimbo ule, na hakukumbuka ulianza lini. Akauvuta mkono. Ukarudi. Je, hivi ndivyo wanavyofanya? Wanakupa uzito, wanakuacha uupashe joto, halafu wanakuuliza kama hukuwahi kuutaka? Lia, Mize. Lia sasa hivi, ukiwa njiani, upate kianzio. Fikiria kitu. Fikiria mtoto. Alimfikiria mtoto, na mtoto akaja, mzuri, mwenye nyusi za Faki, akamtazama, akapita akaenda zake kama mtoto wa mtu anayekatisha uwanja.

"Unaumwa?" Riziki aliuliza nyuma yake, akihema.

"Naogopa, Dada Riziki."

"Vizuri. Ogopa. Woga na machozi ni mtu na ndugu yake."

Chumba cha juu kilikuwa cheupe na kikubwa, na katikati palikuwa na meza, juu ya meza kitabu kinene, na nyuma ya kitabu karani mwembamba mwenye kucha safi.

"Karibu, Mama..." alianza, akasita, kidole kikitafuta kitabuni. Katika mji huu mwanamke wa umri ule huitwa mama wa fulani, na karani huyu, mtu wa adabu, alikosa wa kumalizia. Alifunga mdomo, akafuta jasho. "Karibu," alisema tena, na hakuna aliyeona haya kuliko yeye.

Akaeleza sheria, moja baada ya nyingine. Kisha, kwa sauti ya mtu anayefurahi kuwa na habari njema, akasema: "Tena kuna mlango mwingine, watu wengi hawaujui. Si lazima mtoto awe wa tumbo lako. Mtoto yeyote aliyelala kwa jina lako mara arobaini ni mbebaji. Wewe si mwimbaji wa arubaini? Wimbo wako hauna jina lako ndani?"

Moyo wa Mize uliruka kama samaki. Wimbo! Lala mwana wa mwenzangu uliimbwa katika kila nyumba ya mji kwa miaka arobaini na miwili. Aligeuka kumtazama dada yake, akicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Dada Riziki! Wako saba! Saba wote walilala kwa wimbo wangu, si ndiyo?"

Riziki alikuwa anatazama sakafu.

"Mama Shaame," karani alisema taratibu, "watoto wako walilisikia jina?"

"Nilikikata," Riziki alisema.

"Ulikata nini?" Mize aliuliza.

"Kile kipande cha mwisho. Kaditama. Nilikuwa na mtoto, Mize, mtoto mchanga, na Bibi alishasema kinafunga. Nikaimba mpaka nilipo na wewe upo, nikanyamaza hapo. Na wote waliofuata hivyo hivyo." Akakunja pindo la kanga yake. "Na wenzangu wakajifunza kwangu. Hakuna anayekiimba. Mji mzima hakuna. Mimi ndiye wa kwanza."

Miaka arobaini na miwili. Mize alijaribu kuielewa hasira aliyotakiwa kuwa nayo, lakini hofu ilishakalia kila kiti. Aliona wanawake wote wa mji, katika vyumba vyote vya mji, wakifika mwisho wa ubeti na kumeza jina lake, kwa upendo, ili kuwalinda watoto wao naye. Naye aliimba kwenye sherehe zao, akala pilau yao, wakamkumbatia.

Karani alisukuma kikombe mbele yake.

Akainama. Kikombe kilikuwa cheupe, na chini yake palichorwa ua dogo la buluu, nadhani ili mtu apate kitu cha kutazama. Akalitazama ua. Akaenda ndani, mlango baada ya mlango, kama alivyohofia. Akapita chumba cha siku zile tatu za kilio na akakuta kilio kipo, cha kweli, lakini kimekauka na kukunjwa kama nguo ya mtoto iliyotunzwa. Kingeweza kutoa matone mawili, matatu, si kikombe. Akaendelea. Na katika chumba cha mwisho alimkuta yule mwanamke dirishani, anasuka nywele, anaimba. Mize alisimama kizingitini. Nifanye nini nawe? alimwuliza. Watanikata kwa ajili yako. Yule mwanamke akamsogezea kiti.

Matone matatu yalianguka kikombeni. Ua halikufunikwa hata jani moja.

Ndipo sauti ilipotoka nyuma yake, sauti mbaya, ya kukwaruza. Riziki alikuwa analia. Hakuwa analia kwa adabu. Alilia kwa mabega, kwa pua, kwa mwili wote. "Tangu nimzae Shaame," alisema, "hakuna anayeniita jina langu. Mume wangu mpaka amekufa ni Mama Shaame. Watoto ni Mama. Sokoni Mama Shaame, msikitini Mama Shaame. Ni wewe tu, Mize. Dada Riziki, Dada Riziki, miaka yote, hata tukigombana. Wakikukata wewe, wewe utakuwa hujulikani na mimi nani ataniita? Na ni mimi niliyekata kwanza!" Alikuwa amekishika kikombe bila kujua, amekibana kifuani kama mtu anayeshika mkono wa mwenzake, na machozi yalikuwa yanaingia. Yakafunika ua. Yakapanda. Yakafika ukingoni.

Karani alikiona kikombe. Halafu akasimama, akaenda dirishani, akawapa mgongo, akaanza kusafisha kalamu yake ambayo ilikuwa safi. "Macho yangu hayaoni vizuri jua linapokuwa kali," alisema. "Kikombe kikiwa kimejaa nikigeuka, nitaandika kimejaa."

Riziki alimwekea Mize kikombe mkononi. Kilikuwa na uvuguvugu. "Chukua," alinong'ona. "Chukua, tuondoke, chukua mdogo wangu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Na Mize alitaka; asidanganywe mtu kwamba hakutaka. Aliliona shuka bichi. Aliuona ukurasa wa Walionyimwa, jina lake likiwa safi pale, na watu wakilisoma kwa kuhurumia: masikini, kumbe ndiyo maana aliimba vile. Kila wimbo aliowahi kuimba, hata wa kuchekesha, hata wa kutukanana, ungegeuka kilio cha mwanamke aliyenyimwa. Na yule aliyekuwa dirishani angefungiwa mle ndani, kiti chake kikiwa kimeinama ukutani.

Alifungua fundo la kanga kifuani, akalishusha jiwe, taratibu, akilishika kichwa na kiuno kama lingeweza kuumia, akaliweka juu ya meza. Mgongo wake uliingiwa na baridi.

"Bwana karani, geuka," alisema, na sauti iliyojaza viwanja vya mji ilimtoka nyembamba kama ya kifaranga. "Hiki ni cha dada yangu. Changu mimi ni matone matatu. Sikunyimwa. Nilililia lililokwenda, kisha nikaishi, na nimeishi vizuri. Naogopa sana. Lakini siwezi kuandikwa mahali ambapo sipo."

Karani alimtazama kwa huzuni ya mtu aliyekuwa amefungua mlango akaona umefungwa kwa ndani. Akarudi mezani. Akapata mstari. Akakata, kwa mkono mwepesi, kama fundi cherehani anayekata uzi.

Hakikusikika kitu. Alishuka ngazi, yeye, yule, mwimbaji. Mnaona, na mimi tayari nimeanza kuhangaika. Nilikuwa nalo sasa hivi, lilikuwa neno fupi, lenye silabi mbili. Kwenye kona ya thelathini Faki alikuwa anapiga fidla na hakuinua macho. Kwenye kona ya kumi na tisa Bibi Mosi alitwanga hiliki, na mjukuu wake alipopita mbele yake, Bibi alipepea hewa kwa mkono kama anayefukuza nzi. Alitaka kulia hapo, na sasa machozi yalikuja kwa wingi, lakini hapakuwa na wa kuyapima.

Nje ilikuwa adhuhuri kamili, vivuli vyote vimeingia chini ya wenyewe. Alisimama katikati ya barabara, hajui aende upande gani, maana kwake ni wapi kama hakuna wa kumwambia karibu. Mtu alimpita akamgusa bega, hakuomba radhi. Redio ya kinyozi ilikuwa inaimba, na kinyozi akamwambia mteja wake, "Huyu alikuwa anaitwa nani?" Mteja akafikiri, akasema hamjui. Kisha akaja mwanamke na beseni la nguo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatafuta mahali penye jua. Akakamua kanga, akaikung'uta, na kwa mkono mwema usio na ubaya na mtu akaitandaza juu ya bega lake.

Maji ya kanga yalimteremka kifuani. Alijaribu kupiga kelele. Alijaribu kuinua mkono. Mwili ulikuwa umekwisha kukubali.

Nyuma yake, kwenye ngazi ya mwisho, Riziki alikuwa ameduwaa, kikombe bado mkononi. Alifungua kinywa amwite. Hakikutoka kitu. Akafungua tena. Shingo ilimvimba, macho yakamtoka. Alijua kwamba alilokuwa analitafuta lipo, alilijua kama mtu anavyojua amesahau kitu jikoni, lakini kila alipolifikia liliteleza. "We," alisema. "We..." akaufunga mdomo kwa kiganja, kwa kuwa alikumbuka fundi wa vitanda na siku ya pili.

Kitabu kilikuwa kimekata jina. Hakikuwa na habari ya wimbo.

Riziki hakuwa mwimbaji. Katika familia ile sauti ilimpita kama gari la harusi. Lakini mtu hasahau alichoimba kwa watoto saba. Alianza kwa kunong'ona, pale pale ngazini, mchana, mbele za watu:

Lala mwana wa mwenzangu, lala jua lingalipo...

Watu wakageuka. Akaendelea. Alishika mstari wa pili, akashika wa tatu, chungu na jiko na watu wapo, akafika nilipo na wewe upo, na hapo kinywa chake, kwa mazoea ya miaka yote, kikafunga. Alisimama ukingoni. Alikuwa na mabinti wanne na wajukuu, na aliogopa leo kama alivyoogopa siku ya kwanza, hofu ile ile, haikuzeeka hata siku moja. Yule mwingine, chini ya kanga mbichi, alisubiri bila kupumua.

Kaditama nimefunga, Riziki aliimba, sauti ikipasuka, nyuzi mwisho nimekata. Ni...

Alivuta pumzi.

Ni Mize aliyetunga.

Lilitoka limekosewa mahadhi, limepandishwa mahali pa kushushwa, na limevutwa mno. Mize, ambaye maisha yake yote hakumwachia mtu yeyote akosee mahadhi mbele yake, alimwachia dada yake. Bega lake likasogea. Kanga ikaanguka barabarani. Akageuka, akamtafuta kwa macho aliyemwita.

"Abee," aliitika, "Dada Riziki."